Pumzi Thelathini, Asubuhi na Jioni

Lifti namba mbili ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne saa nne kasoro asubuhi, saa ya kutazama wagonjwa, ukumbi wa chini umefurika watu mpaka mlangoni. Ndani walikuwa tisa. Nje waliokuwa wakilalamika hawahesabiki, na kila mmoja wao aligeuka ghafla kuwa bingwa wa lifti. Fundi alipenya katikati yao na ovaroli yake ya kijivu, mkanda wa spana ukimgonga nyonga, akapanda ngazi mbilimbili huku akiomba Mungu asikute mtu amezimia.

Alipofungua mlango wa ghorofa ya nne kwa ufunguo wake na kumulika tochi chini, alitegemea vilio. Alichosikia ni sauti ya mwanamke ikihesabu bila haraka.

"Vuta. Mbili, tatu, nne. Sasa toa taratibu, kama unapoza chai. Baba mwenye kofia, shusha mabega. Pumzi iende tumboni, mabega hayana kazi hapa."

Na watu tisa walikuwa wakipumua kwa pamoja, hata bwana mmoja mnene ambaye machozi yalikuwa bado mashavuni. Mwenye sauti alikuwa mwanamke mwembamba wa sare ya bluu na raba nyeupe, nywele amezifunga kwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Aliinua uso kwenye mwanga.

"Fundi, utachukua dakika ngapi?"

"Sita."

"Sema kumi, ili zikiwa sita tufurahi."

Zilikuwa nane. Yeye alitoka wa mwisho, akakataa mkono wa fundi, kisha akajikwaa na kuushika.

"Ulisema sita," alimwambia.

"Wewe ulisema kumi."

"Kumi zilikuwa zangu. Zako ni sita. Nani ananihakikishia kwamba lifti hii haitakwama tena kesho?"

Fundi hakuwa msemaji, lakini kwenye kazi yake usimguse. Alimwonyesha karatasi ya ukaguzi iliyobandikwa ukutani ndani ya kioo, safu kwa safu, tarehe kwa tarehe. "Kilichokwama leo ni swichi ya mlango, na nimeibadilisha. Kamba hizi nimezishika zote kwa mkono wangu. Siweki tiki mahali ambapo mkono wangu haujafika."

Yule mwanamke aliisoma karatasi yote, akamtazama kwa jicho jingine. "Na unahema hivyo kwa ghorofa nne tu? Njoo chumba namba kumi na saba siku moja nikufundishe kupumua."

"Watu wanafundishwa kupumua?"

"Ndiyo kazi yangu. Wagonjwa wananiita Bi Pumzi."

Fundi akacheka peke yake kutwa nzima. Wenzake wa karakana walidhani amepandishwa cheo.

Chumba namba kumi na saba alikwenda mwezi uliofuata, ila si kwa mizaha. Mama yake, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu na kumwamkia ukiwa bado ng'ambo ya barabara, alikutwa na uvimbe kwenye utumbo. Daktari mpasuaji alipanga kumfanyia upasuaji baada ya wiki nne, akampeleka kwa Bi Pumzi ajiandae.

"Shikamoo, Mama," alisema Bi Pumzi, akamtolea kifaa cha plastiki chenye ukubwa wa ngumi, mdomo wa kuvutia hewa upande mmoja, springi ndani, na kioo kidogo kinachohesabu. "Mtu akipasuliwa tumbo, akiamka anaumwa. Kwa maumivu yale anapumua kijuujuu na anaogopa kukohoa. Makohozi yanakaa kifuani, mapafu yanaingia homa. Sasa, misuli ya kupumua ni misuli kama ya miguu. Ukiizoesha mzigo kabla, siku ile itakubeba. Pumzi thelathini asubuhi, thelathini jioni. Kila siku chache tunakaza springi kidogo."

Mwalimu alikigeuza kifaa mkononi kama daftari la mwanafunzi mchafu. "Binti yangu, nimepumua miaka sitini na sita, sijafeli hata siku moja."

"Mtihani wenyewe haujaja, Mama."

Mwalimu akakitia kifaa mkobani. Si wengi waliowahi kumnyamazisha. Fundi alisimama pembeni akijua kwamba ameshakwisha, moyo wake hana tena.

Siku tatu Mwalimu alijitahidi. Siku ya nne alisema kichwa kinamzunguka. Siku ya tano alisema kibanio cha pua kinamdhalilisha, mtu mzima kubanwa pua na kunyonya plastiki mbele ya mwanawe. Akakitia kifaa kwenye droo ya vitambaa, juu yake akaweka kitabu cha dua. "Kesho, baba," alimwambia mwanawe. "Leo niache."

Jioni hiyo hiyo, saa kumi na mbili, simu ya fundi ikaita.

"Haloo, mtu wa kamba," ilisema sauti aliyokuwa akiiota. "Nafuatilia wagonjwa wangu. Mama leo amevuta ngapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumpigia. Siku tano alikuwa ameibeba simu hata chooni. Sasa imeita, na jibu la kweli lilikuwa sifuri.

"Thelathini," alisema. "Asubuhi na jioni."

"Hongera zake. Yule mama ni chuma."

Furaha iliyokuwa katika sauti ile ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Alipokata simu alikwenda kwenye droo, akaosha kifaa kwa maji ya moto, akaketi jikoni kwenye stuli, akajibana pua na kuvuta pumzi sitini, jasho likimtoka, ili uongo wake uwe na namba za kuutetea. Alijiambia ni kwa siku ile tu, kesho mama ataendelea. Tumsamehe kwa siku ya kwanza, maana mapenzi humfanya mtu mjinga. Siku ya pili ilikuwa ya kujitakia.

Simu ikawa ya kila jioni. Kwanza namba, kisha mengine.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Sauti yako."

"Hiyo haishibishi, laazizi. Chemsha hata yai."

Jumamosi walikutana kwenye mkahawa wa mkabala na hospitali. Bi Pumzi alivaa gauni la kijani lenye mikono mipana na hereni ndogo za shanga. Fundi alikuwa na shati jeupe alilolipiga pasi mara tatu na bado kola ikakataa. Alimletea kifaa. Bi Pumzi akatazama kioo, akakaza springi, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Sijapata mgonjwa kama mama yako. Nimeshamtaja kwenye kikao cha madaktari. Unajua yule daktari mpasuaji hakukitaka chumba changu tangu mwanzo? Anasema ni mchezo wa kupuliza maputo. Namba za mama yako ndizo zinazomfunga mdomo."

Fundi alikoroga chai isiyo na sukari. Hapo ndipo alipaswa kusema. Maneno yalimfika kooni kabisa. Lakini mkono mwembamba wa Bi Pumzi ulikuwa juu ya wake, na mkahawa ulinukia mkate wa moto, na alikuwa amengoja miaka mingi mtu wa kumshika mkono hivyo. Akameza maneno pamoja na chai.

"Wiki hii ya tatu inabidi nimpime mwenyewe," aliendelea Bi Pumzi. "Nina kipimo cha mshale, kinaonyesha nguvu ya pumzi."

"Miguu imemvimba. Kupanda gari ni shida."

Bi Pumzi alifikiri kidogo. "Basi, namba zinatosha. Kama ingekuwa mtu mwingine ningekuja mpaka nyumbani. Wewe huweki tiki pasipo mkono wako."

Kesho yake alimbembeleza mama yake, akampigia magoti kabisa. "Mama, hata kumi tu." Mwalimu alimtazama kwa huruma, akavuta sita, akachoka. Na mwana hakumkazania, kwa sababu angemkazania ingebidi aeleze kwa nini kioo kinasoma zaidi ya elfu moja.

Siku ya upasuaji kioo kilisoma elfu moja mia sita na themanini. Za Mwalimu hazikufika mia mbili. Nyingine zote zilikuwa za fundi, aliyekuwa sasa anapanda ghorofa saba bila kuhema.

Upasuaji ulikwenda salama, uvimbe ukatoka wote. Daktari akamtengenezea njia ya muda ya choo, mfuko ubavuni, akasema baada ya miezi mitatu atamfungua tena aurudishe utumbo mahali pake. Siku ya kwanza Mwalimu alizungumza. Siku ya pili alijaribu kukohoa akashindwa, sauti ikatoka ndogo kama ya mtoto aliyezibwa mdomo. Siku ya tatu homa ikapanda, midomo ikabadilika rangi, wakamkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi. Homa ya mapafu.

Fundi alisimama nyuma ya kioo akitazama kifua cha mama yake kikipanda na kushuka chini ya barakoa ya oksijeni. Kila kilipopanda alijua ni kwa shida ipi, na alijua ni nani aliyemnyima msaada. Kama mngemuuliza wakati ule jina lake, angewaambia muuaji.

Alimkuta Bi Pumzi kwenye ngazi, ameketi na karatasi magotini, kitambaa cha kichwani kimelegea.

"Nimezipitia zote," alisema bila kumtazama. "Labda nilikaza springi haraka mno. Labda nilimchosha badala ya kumjenga. Mpenzi, huenda mimi ndiye niliyemuumiza mama yako."

Msichana analia mbele yako kwa kosa lako, na neno moja tu linaweza kumtua mzigo. Fundi alilitafuta neno lile. Akamshika bega, akasema, "Usijilaumu." Basi. Nalisema wazi, kwa sababu mwenyewe baadaye alilisema wazi: pumzi za jikoni zilikuwa ujinga, lakini pale kwenye ngazi ulikuwa ni uovu.

"Kesho saa tatu kuna kikao," Bi Pumzi alisema. "Daktari mpasuaji anataka chumba kifungwe. Anasema kama mgonjwa wangu bora ameishia mahututi, mazoezi hayana maana. Na nina wagonjwa kumi na mmoja wanaongoja kupasuliwa."

Asubuhi ilikuwa zamu ya kukagua lifti namba mbili. Fundi alipanda juu ya kibanda cha lifti, akashika kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazipapasa zote kama kawaida yake. Aliposhuka kujaza karatasi, kalamu ilisimama hewani. Mkono haukuthubutu kuweka tiki. Ulikuwa mkono uleule. Akaiacha karatasi wazi, akapanda mpaka kwenye chumba cha kikao na grisi kwenye vidole, akagonga.

Madaktari watano waligeuka. Bi Pumzi alikuwa amesimama peke yake mwisho wa meza.

"Samahanini," alisema fundi. "Mama yangu hakufanya mazoezi. Alifanya siku tatu, akaacha. Aliyevuta zile pumzi ni mimi."

Daktari mpasuaji akavua miwani. "Kwa hiyo, bwana, wewe tukupasue lini?"

Mmoja alitaka kucheka, akajizuia. Bi Pumzi hakucheka. Alitoa kipimo cha mshale kwenye mkoba, akakisukuma mbele ya fundi juu ya meza.

"Vuta."

Alivuta. Mshale ulikimbia mpaka karibu na mwisho. Bi Pumzi aliandika namba, tarehe na saa. Kisha akawageukia madaktari. "Chumba changu hakijamshindwa mgonjwa. Mgonjwa hakuletwa." Halafu, kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia: "Asante, fundi. Unaweza kwenda."

Kuanzia siku hiyo simu yake iliita bila kupokelewa. Fundi alituma ujumbe, akafuta, akatuma tena. Kwenye lifti walikutana mara mbili, na mara zote mbili Bi Pumzi alichukua ngazi.

Mwalimu alitoka mahututi baada ya siku tisa, amekonda, sauti imepungua nusu. Siku aliyoweza kuketi, mwanawe alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza yote.

"Miaka thelathini," alisema Mwalimu polepole, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "nimefukuza watoto kwa kufanyiana mitihani. Leo nimezaa mmoja."

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja. Nilikuwa nakusikia. Kila jioni, jikoni, unahema. Nilijua." Akafumba macho. "Nikajiambia, mwanangu ananisaidia. Nilipenda kusaidiwa. Kwa hiyo usiubebe wote, nusu ni wangu. Nusu yako iache palepale magotini."

Kisha akadai karatasi yenye mistari na kalamu nyekundu.

Karatasi ile ndiyo waliyokwenda nayo chumba namba kumi na saba wiki tano baadaye, Mwalimu akiegemea bega la mwanawe na kusimama kila baada ya hatua kumi. Asubuhi na jioni, siku kwa siku, kwa mwandiko wa mwalimu mkuu. *Nne. Saba. Sikufanya, nilikuwa na hasira. Tisa. Sikufanya, uvivu. Kumi na mbili.*

Bi Pumzi aliisoma yote, kama alivyoisoma siku moja karatasi ya lifti. Akambana Mwalimu pua, akampa kipimo. Mshale ulijikokota mpaka ishirini na nane.

"Uko chini sana, Mama."

"Ni wangu," alisema Mwalimu.

"Haya. Tuanze." Akamgeukia fundi kwa mara ya kwanza. "Wewe kaa nje."

Alikaa nje. Benchi la mbao lililochunika rangi, chini ya saa ya ukutani, mara mbili kwa wiki, wiki saba. Kupitia mlangoni alisikia hesabu, mama yake akikosea makusudi ili apumzike, Bi Pumzi akirudia kuanzia mwanzo, wote wawili wakicheka. Hakugonga. Ndiyo adhabu aliyopewa, na aliitumikia bila kuomba ipunguzwe.

Siku ya mwisho kabla ya upasuaji wa pili, Bi Pumzi alitoka, akaketi upande wa pili wa benchi. Kitambaa cha chungwa kilikuwa kimerudi kichwani.

"Hamsini na tatu," alisema.

Fundi aliinamisha kichwa. "Asante."

"Usinishukuru. Nina langu la kusema, na limenikaa rohoni miezi mitatu. Nilipaswa kumpima. Wiki ya tatu, ndiyo sheria yangu, naifuata kwa kila mgonjwa. Mama yako sikumpima, kwa sababu namba zilikuja na wewe, na nilitaka ziwe za kweli. Kwenye kikao uliubeba mzigo wote, nami nikakuachia. Hata daktari mpasuaji sikumwambia mpaka wiki iliyopita."

"Alisemaje?"

"Alisema mimi na wewe tumekutana, hakuna wa kumcheka mwenzake." Alitabasamu kidogo, tabasamu likapotea. "Hasira zangu kwako hazikuwa za pumzi zile. Zilikuwa za kwenye ngazi. Nililia mbele yako, ukaniambia nisijilaumu, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaondoka. Nikaona afadhali ulie ukiwa karibu yangu." Aliifuta mikono kwenye ovaroli ingawa haikuwa michafu. "Sina cha kujitetea. Nakupenda, hilo si la kujitetea. Nilikuwa nimepanga kukuomba unioe, yaani, nikuoe, hata maneno yamenipotea."

Bi Pumzi akatikisa kichwa. "Usiniombe leo. Leo ningekubali kwa sababu ya hamsini na tatu. Mama akitoka kupasuliwa, siku ya tatu, ndipo uniombe."

Upasuaji wa pili ulikuwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi, saa ya kutazama wagonjwa, walisimama nje ya pazia la kitanda cha Mwalimu, Bi Pumzi na sare ya bluu, fundi na shati jeupe lenye kola iliyokataa pasi. Ndani muuguzi alikuwa akimwambia Mwalimu akumbatie mto tumboni na akohoe. Bi Pumzi alikuwa ameshika ukingo wa pazia, na fundi aliona vidole vyake vimekuwa vigumu.

Kikohozi kilitoka. Kilikuwa kikubwa, cha kina, kikohozi cha mtu mwenye nyumba yake, kilichomwamsha mgonjwa wa kitanda cha pili na kumfanya alalamike. Kikafuata cha pili, kikubwa zaidi.

Bi Pumzi aliliachia pazia. "Sasa niombe," alisema.

Akamwomba, kwa maneno manne tu, maana mengine yote aliyoyapanga yalimkimbia. Akajibiwa ndiyo, na kichwa chenye kitambaa cha chungwa kikalala kwenye bega lake. Hakucheka kama alivyodhani angecheka. Machozi yalimtoka, kwa sababu nyuma ya pazia mama yake alikuwa bado anahema baada ya vikohozi viwili, na mapafu yale yalikuwa na kovu ambalo daktari alisema halitoondoka, na ngazi za nyumbani hatazipanda tena bila kusimama katikati. Alimsikiliza akivuta pumzi moja, mbili, tatu, akazihesabu mpaka thelathini, na hakuna hata moja iliyokuwa ya fundi.